MHUNI NI NANI? Wizi mdogo na polisi katika bandari ya Dar es Salaam wakati wa ukoloni

Neno "mhuni" hutoka upesi katika vinywa vya watu. Kijana ameiba kuku wa jirani: mhuni. Kijana mwingine ametoka kijijini, hana kazi, anakaa sokoni tangu asubuhi mpaka jioni: naye mhuni. Wa tatu amekutwa njiani usiku pasipo karatasi: mhuni vilevile. Watu watatu wamepewa jina moja. Lakini tukiangalia vizuri tunaona ya kwamba jina hilo limefunga pamoja mambo mawili yasiyo sawa: tendo la mtu na hali ya mtu. Kuiba ni tendo. Kukosa kazi ni hali. Tendo la wizi lina kosa lake na hukumu yake. Hali ya ukosefu yaweza kumpata mtu yeyote, hata mtu mwema.

Padri na mkatekista hukutana na watu hao kila siku. Tena huulizwa habari zao. Wazee wa mtaa, polisi, pengine na zuji mwenyewe, wanauliza: "Huyu mnamjua? Ni mtu wa namna gani?" Jibu letu laweza kumpeleka mtu buloko au kumwokoa. Kwa hiyo yafaa tujue namna gani neno la mitaani lilipata nguvu ya sheria. Tuchukue mfano mmoja tu, mji wa Dar es Salaam, bandari kubwa ya Tanganyika, katika miaka ya utawala wa Waingereza.

Mji huo si mgeni kwetu watu wa mashariki ya Kongo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, ukingoni mwa Tanganyika, mwaka 1914. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari pale Dar es Salaam, na nyingine Kigoma, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Watu walipaita Belbase. Mizigo ya Kongo, ya Ruanda na ya Urundi ilipita hapo. Mpango ule umekwisha, lakini hata leo mizigo yetu mingi hushuka katika bandari ile ile.

1. Mji na kazi yake

Mji ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wadachi, ndio Wajerumani, waliufanya makao ya serikali yao mwaka 1891, na Waingereza waliushika mwezi wa Septemba 1916. Mji uligawanywa mara tatu. Kando ya bahari, upande wa mashariki, ndipo Uzunguni, penye nyumba kubwa na bustani. Katikati ndipo Uhindini, penye maduka. Nyuma ya hapo, ng'ambo ya uwanja mpana ulioachwa wazi makusudi, ndipo walipokaa Waafrika, hasa Kariakoo. Jina hilo latoka katika neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914-1918, maana hao walipiga kambi mahali pale.

Watu waliongezeka upesi sana. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu karibu 69,000. Ile ya 1957 karibu 129,000. Ile ya 1967 zaidi ya 270,000. Mji uliongezeka karibu mara nne katika miaka 19. Nyumba hazikuongezeka hivyo, wala kazi.

Kazi yenyewe ya bandari ilikuwa ya kusitasita. Mpaka mwaka 1956, zilipofunguliwa gati za maji marefu, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ilishushwa katika matishali ili ifike pwani. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi siku meli ilipokuja, na mikono michache siku isipokuja. Kwa sababu hiyo makampuni ya bandari yaliajiri watu kwa siku moja moja. Hao ndio vibarua. Kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu kuonyesha ya kuwa leo amefanya kazi. Jina la karatasi likawa jina la mtu. Asubuhi watu wengi walisimama mlangoni mwa bandari. Waliochaguliwa waliingia, waliobaki walirudi mjini bila kitu.

Ndugu msomaji, uangalie jambo hili vizuri, kwa maana ndilo shina la mambo yote yanayofuata. Bandari ilihitaji watu wengi wasio na kazi, wakae karibu, wangoje meli. Serikali ya mji nayo iliwaona watu wale wale wamesimama barabarani, ikasema: hawa hawana kazi, ni wahuni, waondolewe.

2. Nani aliiba, na nani aliibiwa?

Wizi ulikuwapo, hapana haja ya kuuficha. Bandarini magunia yalitobolewa na masanduku yalivunjwa. Mjini waliiba nguo zilizoanikwa, sufuria, baisikeli, fedha za mfukoni sokoni. Usiku walivunja nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kila chumba kilipangishwa kwa mtu au kwa jamaa yake. Kuta zilikuwa za miti na udongo. Mwizi hakuhitaji ufunguo: alitoboa ukuta.

Mali iliyoibwa ilitaka mnunuzi. Watu wa mji walizoea kuweka rehani: mwisho wa mwezi fedha zikiisha, mtu alipeleka shuka, saa au kanzu yake katika duka la rehani, akapewa shilingi chache, akaja kuikomboa baada ya mshahara. Mahali kama hapo vitu vyema na vitu vya wizi vilikaa pamoja katika rafu moja, na haikuwa rahisi kuvipambanua. Ndivyo ilivyo popote: mwizi mdogo hawezi kuishi pasipo mpokezi anayenunua bila kuuliza.

Tena wakati wa vita ya pili chakula na nguo vilikuwa haba. Serikali iligawa chakula kwa kipimo. Mtu mwenye kazi ya kudumu alipata sehemu yake kwa urahisi kuliko yule aliyeishi kwa kubahatisha. Shuka moja ikawa mali ya kuvunjia nyumba.

Lakini nani aliibiwa zaidi? Tajiri wa Uzunguni alikuwa na ukuta wa mawe, nondo madirishani, na mlinzi wa usiku mlangoni. Mtu wa Kariakoo hakuwa na kitu ila mlango wa mbao na kufuli ndogo. Akiibiwa baisikeli, ameibiwa mshahara wa miezi. Akiibiwa cherehani, ameibiwa kazi yake. Kwa hiyo yule aliyeitwa ndugu wa wezi, kwa sababu anakaa nao mtaa mmoja, ndiye aliyeumizwa kwanza na wezi.

3. Polisi walikuwa wapi?

Jeshi la polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919. Maofisa walikuwa wazungu, askari walikuwa Waafrika, wengi watu wa bara. Askari wa namna hiyo, mgeni wa mji, aliamriwa kwanza kulinda mahali pa serikali, bandari, benki, maduka na nyumba za wazungu. Doria za usiku zilikuwa nyingi upande huo. Upande wa Waafrika amani ya kila siku iliachiwa hasa liwali na mawakili wake, yaani wakubwa wa mitaa.

Hata hivyo watu wa Kariakoo waliwaona polisi mara nyingi, lakini kwa kazi nyingine. Askari walikuja kutafuta cheti cha kodi. Walikuja kutafuta pombe iliyopikwa bila ruhusa. Walimsimamisha mtu aliyepita usiku katika mitaa ya wazungu na Wahindi, wakamwuliza kibali. Kwetu vilevile, katika miji ya wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi alitakiwa kuchukua karatasi za makao na za kazi, na saa za usiku hakuruhusiwa kutembea katika mtaa wa wazungu bila kibali. Wazee wetu wanaikumbuka taabu hiyo.

Basi mtu aliyevunjiwa nyumba aliona neno la ajabu. Alipomhitaji askari hakumpata. Alipokuwa hamhitaji, alikuja kumdai cheti. Mtu wa namna hiyo akiibiwa, hakimbilii polisi, anapiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Jirani wanatoka na magongo. Aliyekamatwa anapigwa kabla ya kuulizwa. Methali yasema: mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Lakini katika giza na kelele si rahisi kujua ngozi ilikuwa mikononi mwa nani.

4. Sheria iliyomshika mtu pasipo tendo

Tumefika katika kiini cha jambo. Kumhukumu mwizi kwataka ushahidi: nani aliona, kitu gani kimepotea, kimekutwa wapi. Kazi hiyo ni ngumu, yataka polisi wanaojua mtaa na wanaoaminiwa na wenyeji. Njia iliyokuwa rahisi ni kuwakamata watu kabla ya tendo lolote, kwa kuwa wanaonekana kama watu wawezao kuiba.

Njia hiyo haikubuniwa Afrika. Waingereza walikuwa nayo kwao. Mwaka 1824, baada ya vita na Napoleon, askari wengi walioachishwa kazi na maskini wengine walizunguka katika inchi yao. Ikatungwa sheria ya kuwafunga watu wavivu na wazururaji. Maneno ya sheria ile yalisafiri kwa meli mpaka katika makoloni. Katika sheria ya makosa ya Tanganyika, iliyotungwa mwaka 1930, tunayakuta katika vifungu vya 176 na 177: mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kujipatia riziki inayoonekana, wala hawezi kujieleza vizuri, aweza kuadhibiwa. Angalia: sheria haikusema "ameiba nini?" Ilisema "anaishije?"

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Kwa sheria hiyo Mwafrika asiye na kazi ya kudumu, au asiye na njia ya kuishi iliyokubaliwa na wakubwa, aliweza kuamriwa arudi kwao. Polisi walifanya msako alfajiri au sokoni. Waliokosa vyeti walipelekwa mbele ya mkubwa wa wilaya. Wengine walipandishwa gari la moshi kwenda bara.

Katika maneno ya watu wote hao walikuwa "wahuni". Neno hili pwani lilikuwa la zamani: mhuni ni mtu aliyejitenga na watu wake, asiyemtii mzee wala kukaa mahali. Ni neno la lawama la wazee. Sasa lawama ya wazee na sheria ya wazungu zikashikana mkono. Hata Waafrika wenye kazi na nyumba walifurahi pengine kuona wahuni wanaondolewa, maana walichoka na wezi.

5. Matokeo yake

Kwanza, walioondolewa walirudi. Waliokuwa na jamaa mjini walipanda gari tena. Wasio na nauli walitembea kwa miguu. Walikuwa wameondoka kijijini kwa sababu ya kodi, njaa, ugomvi wa shamba, au tamaa ya kuona mambo mapya. Sababu hizo zilikuwa bado kule. Na bandari ilikuwa bado inataka vibarua.

Pili, mwizi hodari hakukamatwa kwa njia hiyo. Yeye alijua kupata cheti cha kodi. Alikuwa na rafiki wa kusema ni mtumishi wake. Aliyekamatwa ni yule mjinga aliyefika juzi, asiyejua njia wala mtu.

Tatu, mtu asiye mwizi aliwekwa katika buloko pamoja na wezi. Aliingia hana rafiki. Alitoka ana marafiki, nao ni wa namna hiyo.

Nne, vibarua wenyewe walionyesha njia nyingine. Waligoma mwaka 1939, tena 1943, tena mwezi wa Septemba 1947, na mgomo huo wa mwisho ulienea mpaka bara ukaleta nyongeza ya mshahara. Mgomo wa Februari 1950 ulivunjika kwa ghasia na wengi walihukumiwa. Hatutasema ya kwamba kila jambo lao lilikuwa la haki. Lakini tuone: watu walioitwa wahuni walikuwa wanadai kazi ya kudumu na mshahara wa kumtosha mtu na jamaa yake. Walitaka kitu kile kile ambacho sheria iliwalaumu kwa kukikosa.

6. Baada ya uhuru

Tungefikiri ya kwamba sheria hizo zilikufa pamoja na ukoloni. Sivyo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na vifungu vilibaki. Mwaka 1976 serikali iliwakamata wasio na kazi wa Dar es Salaam ili iwapeleke vijijini kulima. Mwaka 1983 ilitunga sheria nyingine ya nguvu kazi, na misako ikaanza tena. Makusudi yalikuwa mema, kuinua ukulima. Lakini wengi waliopelekwa walirudi, kama wa zamani.

Kwetu nako dekreto ya mwaka 1896 juu ya uzururaji na kuombaomba iliruhusu mtu awekwe mikononi mwa Leta kwa sababu hana makao wala kazi. Na katika siku zetu hizi tunajua habari za kuluna wa Kinshasa. Hao wamewakata watu kwa mapanga. Uovu wao ni wa kweli, na waliojeruhiwa wana haki ya kulindwa. Lakini katika Operesheni Likofi, tangu Novemba 2013 mpaka Februari 2014, vijana wengi waliuawa bila kuhukumiwa, na wengine wao walionyoshewa kidole tu na jirani. Tangu mwaka 2020 vijana wengi walioitwa kuluna wamepelekwa Kaniama-Kasese kulima na kujifunza kazi. Kujifunza kazi ni kuzuri kuliko kufa. Hata hivyo swali la zamani linabaki: huyu aliyepelekwa, ametenda nini, na nani ameshuhudia?

Korti ya Afrika ya haki za binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa shauri lake tarehe 4 Desemba 2020. Ilisema ya kwamba sheria zinazomkamata mtu kwa sababu tu hana makao au riziki hazipatani na haki za watu wa Afrika, tena inazipasa serikali kuzibadili. Miaka 196 ilikuwa imepita tangu sheria ile ya mwaka 1824.

7. Yatupasa nini sisi?

Kwanza, tukiulizwa habari za mtu, tuseme tendo tulilolijua, si jina alilopewa. "Aliiba mbuzi wa fulani, nimeona" ni ushahidi. "Ni mhuni" si ushahidi. Ni uvumi, na uvumi wa namna hiyo waweza kumwua mtu.

Pili, tusiwasahau walioibiwa. Si haki kumhurumia kijana aliyekamatwa na kumwacha mjane ambaye cherehani yake imepotea. Mwizi anayetubu lazima arudishe. Na mpokezi aliyenunua kwa bei ndogo akijua ni mali ya wizi, naye lazima arudishe. Juu ya hao wapokezi twanyamaza mara nyingi, maana ni watu wenye heshima na maduka. Pasipo wao soko la wezi lingefungwa.

Tatu, tukumbuke fundisho la Mtakatifu Tomaso ya kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa njaa, akichukua kilicho lazima ili aishi, hakutenda wizi. Fundisho hili si ruhusa ya uvivu. Ni kipimo cha kutusaidia kupima kabla ya kuhukumu.

Nne, sheria ya Kanisa yenyewe inamjua mtu asiye na makao. Inamwita kwa Kilatini "vagus". Sheria ya mji ilipomwona mtu huyo ilisema: huna makao hapa, basi si wetu, nenda. Sheria ya Kanisa, tangu kodeksi ya 1917 hata ile ya 1983, yasema kinyume: asiye na makao mahali popote, paroko wake ni paroko wa mahali anapokaa sasa. Kwa kuwa hana kwao, ni wa yule aliye karibu naye.

Basi, ndugu zangu, yule kijana anayesimama sokoni tangu asubuhi, ambaye hatumjui jina wala kabila, tayari ana paroko. Kabla ya polisi kumwuliza karatasi, tumwulize sisi jina lake, na ametoka wapi, na leo amekula nini. Akiwa mwizi tutajua baadaye, kwa tendo lake.